Baba Alivyolinywesha Gari Langu

Masumbwe, Jumamosi jioni. Jua la kiangazi, vumbi, na mgongo unaouma.

Leo nimechoka ule uchovu ambao hata kuvua viatu ni kazi. Nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni, simu mkononi, nikiandika kwa kidole kimoja. Mlango uko wazi. Baba yangu amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, kofia juu ya goti, anaangalia jua likizama nyuma ya nyumba za majirani. Hatujaongea sana tangu turudi.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni mama ninayepika chakula cha mchana na kukipeleka machimboni, kwenye maduara ya dhahabu yaliyo nje ya mji. Maduara ni yale mashimo ambamo wachimbaji wetu wadogo hushuka alfajiri. Wakipanda juu wanataka ugali, maharage na samaki wa kuungwa, vyote vya moto. Nisipofika mimi atafika mwingine, na kesho yake hawatakumbuka jina langu. Kwa hiyo gari langu dogo si la kujionyesha, ndiyo miguu yangu.

Na miguu yangu iko gereji. Injini imefunguliwa, na vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia. Wiki nzima nimepeleka chakula kwa bodaboda, sufuria la mchuzi mapajani, nikiunguzwa kila tukiruka shimo.

Wengi mmekuwa mkiniuliza kwenye maoni kama kagari ka namna hii kanafaa kwa barabara zetu. Nilikuwa naahirisha kujibu. Leo nitajibu, kwa sababu nina hasira nako na nakapenda, na bora niseme yote mawili kwa pamoja.

Injini yake ni ya petroli, silinda tatu, ujazo wake haufiki lita moja kamili. Ina valvu kumi na mbili. Nguvu zake ni kama farasi sabini hivi kwenye makaratasi, ingawa ukipakia masufuria na kreti za soda farasi wengine hubaki nyumbani. Haina mkanda wa kuzungusha valvu, ina cheni, na hilo ni jema, maana mkanda hukatika na cheni hudumu. Oili ni kama lita tatu. Blok na hedi, yaani kiwiliwili cha injini na kichwa chake, vyote ni vya alumini, ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana haivumilii joto. Injini za zamani za chuma kizito zilichemsha, zikapozwa, zikaendelea na safari. Hii ikichemsha mara moja tu, hedi inapinda.

Mafuta inakula kidogo sana. Niliipendea hilo, kama mtu anavyompenda mume asiyekula sana.

Maradhi yake nayajua yote kwa sasa. Silinda zikiwa tatu injini hutetemeka gari likisimama, na raba zinazoishikilia huchoka mapema. Koili za plagi hufa bila kuaga, na ikifa moja unabaki na silinda mbili, unapanda kilima huku abiria wanakuangalia kwa huruma. Vumbi la huku huingia kwenye njia ya hewa, basi silensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka na gari linazimika kwenye mataa mbele za watu. Ukichelewesha oili, cheni hulegea na asubuhi unasikia mlio kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ikizeeka huanza kula oili kimyakimya, hakuna moshi wala tone chini, na usipochomoa kijiti cha kupimia hujui lolote. Pampu ya maji nayo huanza kulia machozi.

Lakini kero yangu kubwa ni moja. Kagari haka hakana mshale wa joto. Kana taa mbili tu, ya bluu ya kukuambia injini bado baridi, na nyekundu ya kukuambia imechemka. Katikati hapo hakuna kitu. Unaendesha kwa imani.

Nyekundu ikiwaka, mara nyingi umeshachelewa.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Mvua zilipokolea, maduara yalijaa maji na kazi ikasimama. Mdogo wangu Kabula, aliyeolewa Chato, alikuwa amejifungua na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Nikasema niende nikakae naye hadi mvua zipungue. Nyumba ninayopanga haina uzio na sikutaka kuliacha gari barabarani, kwa hiyo nikalipeleka Kishapu kwa baba.

Kabla ya safari nililipitisha kwa Fundi Shija, ambaye gereji yake iko karibu na stendi hapa Masumbwe. Alibadilisha pampu ya maji iliyokuwa imeanza kuvuja, akasafisha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, akajaza kulanti mpya, yale maji maalumu ya kijani yanayouzwa kwenye madumu madogo. Nilisimama pale nikiona kwa macho yangu. Alifanya kazi safi.

Baba yangu ni mfugaji. Hajui kuendesha gari na hataki kujua. Nilimfundisha kitu kimoja tu, kuliwasha asubuhi na kuliacha lingurume kidogo ili betri isife. Nilidhani atasahau. Kumbe ndiyo ikawa kazi yake ya kwanza akiamka, kabla hata ya kufungua zizi. Nikipiga simu kutoka Chato hakuniuliza habari ya mtoto mchanga kwanza. Alisema, "Minza, mnyama wako mzima kabisa. Leo amenguruma vizuri."

Niseme wazi jinsi nilivyofurahi. Tangu mama afariki, baba alikuwa kama mtu aliyeketi akingojea basi. Ng'ombe wamepungua, wengine waliuzwa wakati wa ukame, na vijana wanaochunga siku hizi hawamsikilizi. Kwenye simu zile nilisikia sauti ya baba niliyemjua zamani. Alikuwa amepata tena kitu cha kutunza. Nilimwambia Kabula, gari hili limemfufua mzee. Tukacheka, na yeye akalia kidogo, uzazi ulikuwa bado umemlegeza.

Nililichukua gari wiki iliyopita. Baba alikuwa amelifuta vumbi hadi ndani ya matairi. Nikapita Shinyanga salama, nikapita Kahama salama. Baada ya Kahama nikaanza kusikia harufu tamu ya ajabu ndani ya gari, halafu joto miguuni. Nikajiambia ni jua tu. Taa nyekundu ikawaka, na kabla sijapata pa kuegesha, moshi mweupe ukaruka mbele ya kioo na injini ikazimika yenyewe. Nilivutwa na lori la pumba hadi kwa Shija, nimeshika usukani mgumu kama jiwe, machozi yananitoka.

Shija aliifungua Jumanne. Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya hedi na blok, imeungua, hedi imepinda. Hilo nilikuwa nimelitegemea. Ambacho sikutegemea ni tope. Alipofungua rejeta, lilitoka tope zito la kijivu, na njia za maji ndani ya injini zilikuwa zimepakwa tope hilohilo, limekauka na kuwa gumu. Alichukua bisibisi akakwangua, kikatoka kipande kama cha chungu.

Aliniuliza, "Mama Joshua, hii gari ilikuwa inawekewa maji ya wapi?"

Nilijibu kwamba sijui, mimi nilikuwa Chato.

Nilijua. Udongo wa hapa Masumbwe una wekundu. Ule wa kijivu unaoelekea weusi, unaonata kwenye kwato na kwenye viatu vya shule, ni wa mbuga za kwetu Kishapu. Nimeukanyaga utoto wangu wote nikienda lamboni, kwenye lile bwawa la kuchimbwa tunakonyweshea ng'ombe. Nilipouona tu nilimwona baba ameinama na ndoo.

Nikanyamaza. Niliona nikisema, baba atajua kwamba kitu cha mwisho alichokitunza kwa mikono yake amekiua yeye. Nikaona bora injini ife kifo kisicho na jina.

Bahati mbaya baba hakunyamaza. Nilimwambia kwenye simu kwamba gari limechemsha na injini imeharibika, nikaishia hapo. Akasema kwa ile sauti yake ya kwenye vikao, "Ni huyo fundi wako. Ushahidi ninao. Nitausema mbele yake." Nikamwambia, baba, acha. Akakata simu.

Hakuacha. Baba ni sungusungu wa siku nyingi, na kwa msiotoka huku, sungusungu ndio walinzi wetu wa jadi, wanaosaka wezi wa mifugo na kusikiliza mashauri. Wakiamua kumtenga mtu, hakuna anayemsalimia wala anayempa moto wa kuwashia jiko. Baba ana rafiki yake wa zamani hapa Masumbwe ambaye ni mkubwa katika jeshi hilo. Akampigia. Rafiki akauliza huku na huku. Hadi jana mchana mji mzima ulikuwa unajua kwamba Shija ameharibu gari la mama wa chakula na kwamba baba yake anakuja kumshtaki. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua pikipiki yake kabla haijakamilika. Mwenye gari la mizigo naye akaondoa gari lake, akisema atarudi, na macho yake yalikuwa pembeni.

Jana jioni nilipopita gereji, Shija alikuwa anakwangua mabaki ya gasketi kwenye blok, taratibu, hali injini yenyewe hajui kama nitaweza kuigharamia. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mama Joshua, mimi nimekosa nini?"

Nikasema, "Pole, Shija." Yaani hilo ndilo nililoweza. Pole! Kama vile amejikwaa.

Usingizi haukuja.

Baba amefika leo na basi la mchana. Nilimwona akishuka stendi. Amevaa koti lake la kwenye harusi na misiba, kofia kichwani, fimbo kwapani. Mkono mmoja amebeba dumu la maji. Mkono wa pili ana chupa ya maji ya dukani, imefungwa kwa kitambaa. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama wapangaji wenzangu hawajambo. Nikataka kumchukua nyumbani kwanza ale. Akasema chakula baadaye.

Rafiki yake sungusungu alikuwa ameshafika gereji, amekaa kwenye tairi la lori. Kulikuwa na vijana wa bodaboda, na wateja waliobaki, na watu wasio na gari wala baiskeli waliokuja kutazama tu. Shija alitoka chini ya bati lake, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Baba hakumpa mkono. Akaweka dumu chini, akafungua kitambaa, akaisimamisha ile chupa juu ya meza ya spana. Ndani yake kulikuwa na maji ya kijani, yanayong'aa.

"Kijana," alisema, "mimi sikuja kwa matusi. Nimekuja kuuliza. Haya ndiyo maji uliyomwekea mwanangu kwenye lejeta. Watu wayaone. Rangi ya ukoga wa maji yaliyolala! Maji yameoza kabisa. Ng'ombe wangu hata awe na kiu ya kufa, siwezi kumpa maji haya, nitamwua. Wewe unayawekaje kwenye mali ya mtu?"

Watu wakatazamana. Baba akadhani wanamsikiliza, akaendelea kwa nguvu zaidi.

"Mimi nilipofungua kile kifuniko nikayaona, nilishtuka. Nikatafuta chini, nikakuta kibomba, nikayamwaga yote. Haya nimeyabakiza kwa ajili ya siku kama ya leo. Nikalinywesha maji mazuri ya lambo. Kila asubuhi nalifungua, naliongezea, ndiyo naliwasha. Na leo nimeliletea mengine ya nyumbani, maana haya ya bomba yenu yana dawa."

Akaligusa lile dumu kwa fimbo. Lilikuwa la plastiki nyeupe, unaona ndani. Safari ilikuwa imelituliza, na chini kabisa tope la kijivu lilikuwa limelala unene wa kidole.

Shija aliangalia chupa. Akaangalia dumu. Halafu akaniangalia mimi.

Angeweza kusema. Neno moja tu, na watu wangecheka hadi wakae chini, na jina lake lingekuwa safi kabla ya jioni. Badala yake alichukua spana iliyokuwa tayari safi akaanza kuifuta. Hakutaka kumwaibisha mzee mbele za watu, na mzee alikuwa amepanda basi kuja kumwaibisha yeye. Niliona hivyo na nikajisikia mdogo sana.

Nikasogea kwa baba nikaongea kwa Kisukuma, nikidhani nafanya siri, kana kwamba kuna mtu pale gereji asiyejua Kisukuma.

"Baba, yale maji hayakuoza. Ndivyo yalivyo. Yanatoka dukani yakiwa na rangi hiyo hiyo."

"Dukani?"

"Ni dawa ya injini. Inazuia kutu, na inafanya maji yasichemke upesi. Shija aliweka dawa, baba. Mpya. Mimi nilikuwepo."

Akaigeukia ile chupa. "Na ya lambo?"

Nikasema, "Yana tope, baba. Tope limeziba rejeta. Limeingia hadi ndani. Injini ikakosa maji ya kuipoza, ikaungua."

Nilitegemea akasirike. Hasira ya baba naijua, ningeivumilia. Hakukasirika. Alisema anataka kuona.

Shija akaenda mwenyewe kuileta rejeta, akaiinamisha juu ya gunia na kuigonga kwa kiganja. Vikaanguka vipande vikavu vya tope. Baba akaviokota, akavisugua katikati ya vidole, akanusa. Udongo ule anaujua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Amewazika wazazi wake ndani yake, na mke wake.

"Huu wa kwetu," alisema.

Kisha akasema kitu ambacho sijui nitakisahau lini. Alikisema kwa sauti ya chini, kwangu tu, ingawa wote walisikia.

"Ng'ombe akiumwa hukataa maji, Minza. Hii haikukataa hata siku moja."

Hakuna aliyecheka. Hata wale vijana wa bodaboda wanaocheka kila kitu.

Rafiki yake sungusungu akakohoa, akatafuta fimbo yake, akasema basi shauri limejieleza lenyewe. Watu wakaanza kujisogeza. Nikamshika baba mkono nimwambie twende nyumbani. Akautoa mkono wangu. Akalishika lile dumu, akalifungua, akamwendea Shija.

"Lete mikono," alisema.

Shija hakuelewa, kisha akaelewa, akaificha mikono yake nyuma kama mtoto. "Hapana mzee. Mimi ni kijana wako."

"Lete mikono, nikunawishe."

Kwetu mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa. Ndiye anayesimama na birika wageni wakikaribia chakula, ndiye anayeinama. Tangu nizaliwe sijamwona baba akimmiminia maji mtu aliye chini yake kwa umri, hata siku za harusi zetu. Nikakimbilia kulipokea dumu, akanizuia kwa kiwiko bila kuniangalia.

Shija akachuchumaa. Akashuka chini kabisa, ili angalau mzee abaki juu, akanyoosha mikono yake iliyojaa oili. Baba akamimina polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyekulia mahali ambapo maji hayachezewi. Maji matupu hayatoi oili, kila mtu pale alijua. Shija alisugua hivyo hivyo, viganja, vidole, hadi kwenye viwiko, hadi maji safi yakaisha na tope likaanza kuja. Baba akasimamisha dumu.

"Wabeja, baba," Shija akasema. Ndiyo asante yetu.

Baba hakusema nisamehe. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo, na leo pia sikulisikia. Lakini niliona koti lake la harusi limelowa kwenye mkono.

Mimi nililia. Naandika hivi kwa sababu hapa ndipo mahali pangu pa kusema kweli. Nililia kwa ajili ya baba, na kwa Shija, na kwa gari pia, na kwa mgongo wangu, vyote vikaja kwa pamoja. Mama mmoja muuza ndizi akanipa kanga yake nijifute.

Hali ya injini, kwa mnaotaka kujua. Jumatatu hedi inakwenda Kahama kuchongwa ili uso wake unyooke. Shija ataosha njia za maji kwenye blok, kisha atapima kama nayo imepinda. Kama imepinda, basi hakuna la kuokoa, nitatafuta injini nyingine iliyotumika, na nitainunua kwa pesa gani sijui. Kama iko salama, gasketi mpya, rejeta nyingine, oili, na dawa yake ya kijani. Shija amesema pia atanifungia mshale wa joto pembeni ya usukani, niachane na taa za imani. Nawashauri nanyi mfanye hivyo kama mna kagari ka aina hii. Na mwangalie maji injini ikiwa baridi, na oili kila mnapojaza mafuta. Mengine nimechoka kuyaandika.

Nilifikiri nimeshamaliza hapa. Nilikuwa navua kiatu cha kwanza niliposikia baba anaongea nje.

Yuko kwenye simu. Baba akiwa kwenye simu huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mbuga, kwa hiyo nasikia kila neno, na wapangaji wenzangu nao wanasikia. Anampigia rafiki yake kwanza, yule wa leo, ambaye alikuwepo na kila kitu alikiona. Anamwambia hata hivyo. "Waambie wote uliowaambia. Si fundi. Ni mimi niliyeyamwaga." Anakata. Anapiga nyingine, hii ni ya Kishapu, namtambua kwa salamu ni jirani yetu mwenye ng'ombe wengi. "Yule fundi niliyekwambia. Hana kosa. Ni mimi." Anakata. Anakaa kidogo. Anapiga nyingine.

Nimekaa na kiatu mkononi. Sijui alikuwa amewaambia watu wangapi. Naona anawarudia mmoja mmoja, kama anayekusanya ng'ombe waliotawanyika kabla giza halijaingia.

Sasa ananiita. "Minza! Yale maji ya kijani yanaitwaje? Mwenzangu huyu mwanawe ana gari, anauliza."

"Kulanti, baba!"

"Kulanti," anarudia kwenye simu, polepole, kama jina la mgeni mheshimiwa. "Ndiyo. Kulanti. Sikiliza, ukifungua ukayakuta yana rangi ya ukoga, usiyaguse. Yaache hivyo hivyo. Hata moyo ukikuuma, yaache."

Maharage nimeshayaloweka. Kesho asubuhi ni bodaboda tena, na baba anasema atapanda ya pili nyuma yangu, ashike sufuria la mchuzi. Nimemwambia litamwunguza. Amesema hilo analijua.